Ushuhuda wa Waliounguliwa

Somo la juma: 1 Wakorintho 3:5–15



Alhamisi ya tarehe 17 Oktoba 2019, gari la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Delft, Uholanzi, lilikuwa linaongoza mbio katika barabara kuu, kusini mwa Australia. Lilikuwa limeondoka Darwin, pwani ya kaskazini, siku ya Jumapili. Lilivuka jangwa la katikati ya bara hilo kwa nguvu ya jua peke yake, bila tone la petroli, na sasa lilikuwa limebakiza chini ya kilomita 300 kuingia Adelaide. Ndipo likashika moto. Dereva alitoka salama. Gari likateketea, na timu ya Ubelgiji iliyokuwa nyuma yao ikaenda kushinda.

Nawaandikia habari hii kwa sababu nina jambo la kusema kuhusu kipindi chetu cha ushuhuda. Lakini kwanza niwaeleze mbio zenyewe, kwa kuwa asiyejua kazi iliyokuwa ndani ya gari lile hawezi kujua ni nini kilichoungua.

Mashindano hayo huitwa World Solar Challenge, nayo yalianza mwaka 1987. Aliyeyaanzisha ni Hans Tholstrup, mzaliwa wa Denmark aliyehamia Australia. Miaka michache kabla ya hapo, yeye na mwenzake Larry Perkins walikuwa wamelivuka bara hilo kwa gari la jua kutoka Perth hadi Sydney, safari ya kilomita zipatazo 4,000. Mshindi wa 1987 alikuwa gari la kampuni kubwa ya Marekani, General Motors, lililokwenda kwa wastani wa kilomita zisizofika 67 kwa saa. Siku hizi washindani ni vijana wa vyuo vikuu hasa. Hutoka Japani, Marekani, Uholanzi, Ubelgiji, Australia yenyewe na kwingineko, na kila timu huja na gari ililolibuni na kuliunda kwa mikono yake.

Njia ina urefu wa kilomita zipatazo 3,000. Magari hutembea kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, katika barabara ile ile wanayotumia watu wote, pamoja na malori yenye matela matatu au manne ambayo urefu wake hupita mita 50. Lori la namna hiyo linapopishana na gari jepesi la wanafunzi, upepo wake hulitikisa. Ikifika saa kumi na moja jioni msafara husimama popote ulipofika, hata kama ni katikati ya nyika, na watu hupiga kambi hapo hapo. Vijana huinua paneli na kuzielekeza kwenye jua linalozama ili betri zipate umeme wa dakika za mwisho. Alfajiri hufanya vivyo hivyo upande wa mashariki. Wanaowania ushindi wote wamezuiwa kutembea usiku, hata aliyebakiza umeme mwingi, hata aliye nyuma na ana haraka.

Mwaka 2019, gari la daraja la mbio liliruhusiwa kuwa na seli za jua za silikoni za mita nne za mraba, basi. Jua likiwa kali, eneo hilo hutoa umeme wa takriban kilowati moja, kiasi kinachotumiwa na pasi ya nguo. Kwa umeme huo wa pasi vijana huliendesha gari kutwa nzima kwa mwendo unaopita kilomita 80 kwa saa. Ndiyo sababu kila kitu ndani yake hupimwa kwa gramu, na umbo lake hukwaruzwa na kusuguliwa hadi hewa ipite juu yake bila kushikwa mahali.

Dereva hukaa nusu amelala katika chumba chembamba kisicho na kiyoyozi. Kuna sheria moja inayomhusu ambayo naipenda sana. Kila dereva lazima afikishe uzito wa kilo 80, na aliye mwepesi huongezewa vizito hadi afike, ili timu isimtafute kijana aliyekonda kwa ajili ya kuwashinda wenzake. Walioandika sheria hiyo walijua kwamba mzigo ukigawanywa bila kuangalia anayeubeba, mbio zimekwisha kuharibika kabla hazijaanza. Sisi tunaowaandikia mjane na mfanyabiashara kiasi kimoja cha mchango wa ujenzi tungefanya vema kuifikiria.

Tena dereva ni mmoja tu kati ya wengi. Mbele yake kuna gari la kumwongoza. Nyuma kuna gari lenye vijana wanaokokotoa saa zote: wingu liko wapi, upepo unavuma kutoka wapi, betri imebaki na kiasi gani, kilima kinachofuata kitakula umeme kiasi gani. Ukikimbia mno asubuhi, betri itakwisha kabla ya jua kutua. Ukijibana mno, utafika jioni na umeme ambao haukukufaa kitu. Wengine wanatangulia kutafuta mahali pa kulala, wengine wanapika, na wengine wanaamka usiku kukaza kilicholegea.

Na kabla ya hapo kuna muda mrefu wa karakana. Vijana wa Delft na wa Leuven, Ubelgiji, husimamisha masomo yao kwa mwaka mzima au zaidi ili waunde gari. Wanatafuta wafadhili, wanachora, wanatandaza nyuzi za kaboni kwenye ukungu, wanaunganisha seli moja moja, wanajaribu, linavunjika, wanaanza tena. Mbio zikiisha wanarudi darasani, na kazi huchukuliwa na timu mpya yenye sura mpya. Kwa kawaida mwanafunzi hupata nafasi hii mara moja. Akikosa kufika Adelaide, ndiyo hivyo.

Delft walikuwa wameshinda mara saba: 2001, 2003, 2005, 2007, 2013, 2015 na 2017. Kwa hiyo vijana wa 2019 walibeba gari lao, lililoitwa Nuna X, pamoja na jina la wote waliowatangulia. Na walikuwa wakiongoza. Kabla yao, katika mbio zile zile, gari la Waholanzi wengine, timu ya Twente, lilikuwa mbele ya wote. Upepo wa ghafla ukalisukuma nje ya barabara, likapinduka, safari yao ikaishia hapo. Hivyo mwaka ule timu mbili zilipoteza mbio zikiwa mbele, moja kwa upepo, nyingine kwa moto.

Sasa turudi kwenye somo letu, kwa maana nalo linataja moto.

Wakorintho walikuwa wakigombana juu ya viongozi wao, nani mkubwa kati ya Paulo na Apolo. Paulo anawajibu kwamba yeye alipanda, mwenzake akatia maji, na anayekuza ni Mungu. Halafu anahamia kwenye mfano wa nyumba: msingi mmoja, wajenzi wengi, vifaa vya thamani na vifaa hafifu, na moto utakaoipima kazi ya kila mmoja Siku ile. Ni rahisi mno kulichukua fungu hili na kumtupia mtu ambaye kitu chake kimeungua. Kumbe ulijenga kwa nyasi! Nimesikia likitumiwa hivyo mbele ya watu waliofilisika, na hata mbele ya wafiwa, nami nasema kwa uzito wote kwamba halijaandikwa kwa kazi hiyo. Moto anaousema Paulo ni wa Siku ya Bwana, na anayeushika ni Bwana mwenyewe. Moto wa gari barabarani si Siku ile. Duka lililoteketea usiku kwa hitilafu ya umeme si Siku ile. Hakuna jirani, mwinjilisti wala mchungaji aliyekabidhiwa kiberiti cha hukumu.

Mnakumbuka mnara wa Siloamu. Watu kumi na wanane waliangukiwa, wakafa, na Yesu akakataa katakata dhana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Basi kati ya Twente waliopeperushwa na Delft waliounguliwa, nani alikuwa na dhambi zaidi? Likiulizwa kuhusu wanafunzi hao tusiowajua, kila mmoja wetu anaona swali hilo halina adabu. Lakini likihusu mwenzetu wa mtaa wa pili, ambaye ndoa yake imevunjika au mwanawe amefungwa, tunaliuliza kwa sauti ya chini tukitoka ibadani.

Tuwatazame na washindi. Timu ya Leuven, iliyokimbia mwaka ule kwa jina la Agoria Solar Team, ilifika Adelaide ikiwa imetumia chini ya saa 35 barabarani, kwa wastani wa kilomita zaidi ya 86 kwa saa. Nyuma yao dakika chache wakaja Wajapani wa Chuo Kikuu cha Tokai, kisha Wamarekani wa Michigan. Ubelgiji haikuwahi kushinda mbio hizo. Tangu katikati ya miaka ya 2000, timu baada ya timu ya Leuven ilikuwa imekwenda Australia na kurudi bila ushindi, na mwaka 2017 walishika nafasi ya tatu. Ushindi wao ni halali kabisa. Hawakumwekea mtu mtego. Walikuwa wamekimbia vizuri kiasi cha kuwa karibu, na njia ilipofunguka walikuwepo. Kuna desturi Adelaide ya washindi kurukia ndani ya chemchemi iliyoko Victoria Square na nguo zao, nami sioni kwa nini mtu awanyime furaha hiyo.

Ila fikirini kijana mmoja wa Leuven angesimama mbele ya kanisa lake na kusema: namshukuru Mungu, ametupigania, amewachoma Waholanzi ili sisi tupite. Tungeshtuka sote. Tungesema huyu hamjui Mungu. Na bado maneno hayo, kwa sura nyingine, tunayapigia vigelegele Jumapili nyingi. Usaili ulikuwa na watu mia, Mungu akawaangusha wote, nikabaki mimi. Nilichelewa basi, na basi lile likapata ajali, Mungu wangu hana mfano. Wale walioanguka kwenye usaili walikuwa na Mungu gani? Na waliokuwa ndani ya basi? Mama wa mmoja wao anaweza kuwa ameketi benchi la nne, amekuja kutafuta faraja, naye anasikia kanisa zima likishangilia kwamba mtoto wa mwingine alichelewa.

Sisemi tusishukuru. Aliyechelewa basi ana haki ya kutetemeka kwa shukrani maisha yake yote. Ninachoomba ni shukrani inayomwona na aliyekuwa ndani ya basi. Mshindi wa Leuven anaweza kusema: tulifanya kazi muda mrefu, wengine walitutangulia katika kazi hii na hawakuona matunda, tumefika, na wenzetu waliokuwa mbele yetu wamepoteza gari lao leo. Hayo yote manne ni kweli, na Mungu anaweza kutajwa katika kila moja bila kusingiziwa.

Lakini zaidi ya washindi, wanaonihangaisha ni wale wa Delft. Wao wangepata wapi nafasi ya kushuhudia kwetu?

Kipindi chetu, kama tulivyokizoea, kinadai hadithi yenye mwisho. Nilikuwa mgonjwa, nimepona. Sikuwa na kazi, nimepata. Nilidhulumiwa kiwanja, hati imetoka. Mtu ambaye bado hajapona, bado hana kazi, kiwanja kimekwenda na hakitarudi, huyo hukaa kimya akisubiri mwisho wake ufike ndipo anyanyue mkono. Wengine mwisho huo hauji. Katika miaka ya kusubiri wanajifunza kwamba kanisa ni mahali pa waliofika, na taratibu wanaacha kuja, nasi tunasema wamerudi nyuma.

Nao ni wengi. Kuna aliyesoma hadi mwaka wa mwisho wa chuo, ada ikakatika, na sasa ni miaka mingi. Kuna mama aliyebeba mimba hadi mwezi wa nane. Kuna wanawake waliotunza hisa za kikundi cha vikoba kwa uaminifu, shilingi kwa shilingi, hadi wiki ya kugawana, ndipo sanduku likaibwa. Kuna mwana aliyemuuguza baba yake usiku na mchana na baba akafa. Hawa wote walikuwa wamebakiza kilomita chache.

Mara nyingi tunawakimbilia kwa neno moja: usijali, utarudi na kushinda. Tunalisema kwa nia njema, ila mara nyingi si kweli. Chuo cha Delft kinaweza kurudi Australia na kushinda tena na tena. Watakaoshinda watakuwa wanafunzi wengine. Wale wa 2019 walikuwa na safari yao moja. Tena, mashindano yaliyofuata, ya 2021, yalifutwa kwa sababu ya korona, na waliokuwa wameunda magari kwa ajili ya mwaka huo hawakupata hata kufika Darwin. Baadhi ya timu za Ulaya zilikwenda kukimbia Moroko badala yake. Mwaka 2023 mbio ziliporudi, Leuven walishinda tena. Waliopoteza nafasi yao hawakurudishiwa.

Basi aliyeunguliwa na asiye na safari ya pili ana la kusema mbele za Mungu na watu? Naamini analo, na Maandiko yako upande wake. Someni tena sura ya 11 ya Waraka kwa Waebrania, ile tunayoipenda kwa ajili ya Nuhu na Ibrahimu na Musa. Ukiisoma haraka utadhani ni orodha ya waliofanikiwa. Lakini karibu na mwisho, bila hata kubadilisha aya, mwandishi anatoka kwa waliofunga makanwa ya simba na wanawake waliorudishiwa wafu wao, anaingia kwa waliopigwa mijeledi, waliofungwa, waliopigwa mawe, waliotangatanga wakiwa wamevaa ngozi za kondoo. Anawaweka wote katika daftari moja. Kisha anaandika kwamba hao wote, pamoja na kushuhudiwa kwa imani yao, hawakuipokea ile ahadi. Wote! Hiki ni kipindi cha ushuhuda cha Biblia yenyewe, na ndani yake nusu ya walioitwa mbele hawana mwisho mzuri wa kusimulia.

Ushuhuda wa kijana wa Delft, angeutoa, ungekuwa wa namna hii: tuliliunda gari, lilikuwa gari zuri, na tulikuwa tunaongoza. Kilomita zile zaidi ya 2,700 tulizozimaliza kabla ya moto zilikuwa za kweli. Mwenzetu alitoka mzima. Tulilia. Sijui zaidi ya hapo. Mtu akisema hayo kanisani, amesema kweli tupu, na kweli ni ibada. Moto uliweza kumaliza gari. Haukuweza kufanya zile siku nne zisiwe zimetokea, wala haukuweza kuwafanya wale vijana wawe watu ambao hawakuamka usiku kwa ajili ya wenzao. Waraka huo huo kwa Waebrania unatuambia kwamba Mungu si dhalimu hata asahau kazi ya watu wake. Hausemi kazi iliyofanikiwa. Unasema kazi, na upendo waliouonyesha.

Vivyo hivyo mmoja wa wale wanawake wa vikoba. Anaweza kusimama na kusema: tulitunza fedha za watu kwa uaminifu, zikaibwa, nina uchungu, bado naomba. Ninaomba siku atakapoyasema hayo tusimrukie kwa pambio kabla hajakaa. Uchungu wake si doa la kufunikwa kwa makofi.

Nimezungumza na wazee wa kanisa, nao wamekubali. Kuanzia Jumapili ijayo, katika ibada zote mbili, nafasi ya kwanza ya ushuhuda itakuwa ya aliyepoteza. Waliopokea watafuata, na tutafurahi nao kama kawaida. Atakayependa kusema amwone mzee wa zamu kabla ya ibada. Hatapewa karatasi ya kujaza wala kuulizwa maneno yake mapema. Atazungumza akiwa amesimama au ameketi, apendavyo, na mtu wa nyumbani kwake anaweza kusimama naye. Akimaliza, tutamwombea kwa jina, na kwaya itasubiri. Mtu yeyote asimwulize amejifunza nini. Kwa asiyeweza kusema mbele ya watu, mimi na mama mchungaji tutakuwa nyumbani kila Jumatano kuanzia saa kumi jioni.